Bure si huria: ugomvi wa 2004 juu ya barua taka

Kila mwenye simu Tanzania anaujua ujumbe huu: "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja..." halafu linatajwa jina la mtu usiyemfahamu. Aliyeutuma hakujui. Ameusambaza kwa watu wengi, akitegemea kwamba miongoni mwao wapo wachache ambao asubuhi ile kweli walikuwa na hela ya kumtumia mtu: kodi ya nyumba, ada ya mtoto, mchango wa harusi. Aliye na haraka anatuma bila kuuliza. Tapeli amepoteza senti chache, na hasara yote imemwangukia aliyepokea.

Barua pepe taka zinaendeshwa na hesabu hiyohiyo, ila kwa mtumaji gharama ni ndogo zaidi. Ya kwanza inayokumbukwa ilitumwa Mei 1978, pale Gary Thuerk, mfanyakazi wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alipowatangazia bidhaa watu wapatao 400 kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Robo karne baadaye zilikuwa zimezidi barua halali kwa wingi. Januari 2004, huko Davos, Bill Gates wa Microsoft alisema kwamba ndani ya miaka miwili tatizo hilo litakuwa limemalizwa.

Halikumalizwa, na sababu ni nyingi. Hapa nataka kufungua fundo moja tu, kwa sababu naona linasimuliwa vibaya mara kwa mara: jinsi wahandisi waliokuwa karibu kabisa kukubaliana juu ya njia ya kumtambua mtumaji wa barua pepe walivyotawanyika Septemba 2004, huku neno lililozua ubishi mkubwa kuliko yote likiwa "leseni".

Bahasha na barua

Tuanze na kasoro yenyewe. Itifaki, yaani kanuni za mazungumzo ya kompyuta, ya kusafirisha barua pepe, SMTP, iliandikwa mwaka 1982, wakati watu wa mtandaoni walikuwa wachache na karibu wote wakijuana. Seva moja, yaani kompyuta inayotuma na kupokea barua, inapoipelekea nyingine barua, mazungumzo yao yanakuwa hivi:

HELO seva.duka.example
MAIL FROM:<mauzo@duka.example>
RCPT TO:<mhasibu@ofisi.example>
DATA
From: Mkurugenzi <mkurugenzi@ofisi.example>
Subject: Malipo ya leo

Angalia mstari wa pili na wa tano. Ule wa MAIL FROM ni kama maandishi ya nje ya bahasha: seva zinausoma, wewe huuoni. Ule wa From uko ndani ya barua, na ndio programu yako ya barua inaokuonyesha. Hakuna sheria inayoilazimisha mistari hiyo miwili ifanane. Wala, katika itifaki ya asili, hakuna anayehakiki hata mmoja wao. Mtu anaandika anachotaka.

Niliwahi kusimamia seva ya barua ya ofisi moja ndogo. Siku moja mhasibu aliniletea barua iliyotoka "kwa" mkurugenzi wake, jina sahihi, anwani sahihi, ikimtaka abadilishe akaunti ya benki ya mtu anayewauzia vifaa. Alisita kwa sababu moja tu: barua ilisema mkurugenzi yuko safarini, na mkurugenzi alikuwa chumba cha pili, anamsikia akiongea. Tulipofungua maelezo ya kiufundi ya barua ile tukakuta bahasha ina anwani ya kikoa tusichokifahamu kabisa. (Kikoa ni lile jina linalofuata alama ya @.) Ndani ilikuwa imevaa sura ya bosi, nje ilikuwa ya mtu mwingine. Naomba uikumbuke barua hii, maana ubishi wa 2004 ulihusu hasa wapi pa kutazama: nje au ndani.

Mapendekezo mawili

Mwaka 2003 Meng Weng Wong, akijenga juu ya mawazo ya watu waliomtangulia, aliongoza uandishi wa pendekezo liitwalo SPF. Wazo lake ni jepesi. Mwenye kikoa anaandika, kwenye daftari la wazi la majina ya intaneti, DNS, mstari unaotaja kompyuta zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina lake:

v=spf1 ip4:192.0.2.10 -all

Maana yake: barua za kikoa hiki zinatoka kwenye anwani hii moja, zikitoka kwingine kokote, zikataliwe. Seva inayopokea inausoma mstari huo, inalinganisha na kompyuta iliyopiga hodi, kisha inaamua. SPF inatazama bahasha.

Microsoft nao walileta lao mwanzoni mwa 2004, wakaliita Caller ID for E-mail. Lilifanana na SPF kwa sehemu kubwa, ila lenyewe lilitaka kutazama ndani ya barua, kwa kanuni ya kutafuta nani hasa anaonekana kuwajibika kwa barua ile. Hoja yao ilikuwa na uzito. Barua ya mhasibu wangu ingepita kwenye SPF bila shida yoyote, kwa sababu tapeli alitumia kikoa chake mwenyewe kwenye bahasha, na kikoa chake kingeweza kuwa na mstari safi kabisa wa SPF. Anayetaka kumlinda binadamu anayesoma lazima aguse kile ambacho binadamu anakiona.

Mei 2004 mapendekezo hayo yaliunganishwa na kuitwa Sender ID. Wakati huo IETF, chombo cha wahandisi kinachoandika viwango vya intaneti, kilikuwa kimeshaunda kikundi cha kazi kilichoitwa MARID kwa ajili ya suala hilohilo.

Kisha ikaja habari ya hataza.

Leseni isiyopokezana

Hataza ni haki ya kisheria inayompa mvumbuzi uwezo wa kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake. Microsoft walieleza kwamba wameomba hataza zinazogusa sehemu ya Sender ID, na wakatoa leseni. Hapa ndipo masimulizi mengi yanapopotoka. Utasikia watu wakisema Microsoft walitaka kuitoza dunia pesa kwa kila barua pepe. Si kweli. Leseni yao ilikuwa bila malipo. Hawakudai hata senti.

Tatizo lilikuwa kwamba leseni haikuweza kupokezana. Anayetaka kuandika programu yenye Sender ID alitakiwa kukubaliana na Microsoft moja kwa moja, kwa sahihi, na ruhusa aliyoipata ilikuwa yake peke yake. Hakuweza kuikabidhi kwa mwingine.

Fikiria mkulima anayekupa mbegu za mahindi bila kukuuzia. Panda, vuna, kula, hana neno. Sharti lake ni kwamba jirani yako akizipenda, usimgawie. Anasema: aje mwenyewe kwangu aandike jina kwenye daftari langu. Na jirani wa jirani yako vilevile. Siku nikifunga daftari, walioandikwa wabaki na zao, wengine basi. Mbegu hizo umezipata bure kweli. Lakini kijiji chenye desturi ya kupeana mbegu hakiwezi kuishi kwa mbegu hizo.

Programu huria ni kijiji cha namna hiyo. Mtu anaandika chujio la barua taka, anawapa Debian, kundi la kujitolea linalokusanya na kugawa programu huria. Debian wanalifunga pamoja na maelfu ya programu nyingine na kuliweka wazi. Kijana wa Mbeya analipakua, anarekebisha mistari miwili ili lielewe Kiswahili, anampa mwalimu wa shule ya jirani, na mwalimu analiweka kwenye kompyuta tano. Katika mnyororo huo hakuna aliyemwomba mwenzake ruhusa, kwa kuwa ruhusa ilisafiri pamoja na programu. Hiyo ndiyo maana ya huria. Leseni ya Sender ID ingeukata mnyororo kwenye kila pete: Debian wasaini, kijana asaini, mwalimu asaini.

Waingereza wana tabu hapa, kwa sababu neno lao moja, "free", linabeba maana zote mbili, na wamelazimika kuandika kurasa nyingi kuzitenganisha. Sisi tunayo maneno mawili tayari. "Bure" ni bei. "Huria" ni haki. Mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Haikuhitajika kusubiri kampuni iliyoanzisha programu ile ione kama wasemaji wa Kiswahili ni soko lenye faida. Leseni iliyokuja nayo ilikuwa imeshawaruhusu kuibadili na kuigawa, na waliowagawia nao wakawa na ruhusa ileile. Ndiyo sababu suala hili silioni kama mambo ya wanasheria wa Marekani peke yao.

Waliokataa

Mwanzoni mwa Septemba 2004 Apache Software Foundation, taasisi ya waandishi wa programu huria, walitangaza kwamba hawataitekeleza Sender ID chini ya leseni ile, kwa kuwa inagongana na leseni yao wenyewe pamoja na desturi ya viwango vya wazi vya intaneti. Siku chache baadaye Debian wakasema vivyo hivyo.

Kukataa kwao hakukuwa ishara tu. Barua pepe ya dunia ilikuwa inabebwa, kwa sehemu kubwa sana, na programu huria: Sendmail iliyozaliwa Berkeley, Postfix ya Wietse Venema, Exim iliyoandikwa Cambridge. SpamAssassin, chujio la barua taka lililokuwa likitumika kila pembe, lilikuwa limehamia chini ya Apache mwaka huohuo. Kiwango ambacho programu hizo haziwezi kukibeba kingekuwa kiwango kwenye karatasi tu. Katikati ya mwezi AOL nao, ambao walikuwa miongoni mwa wapokeaji wakubwa wa barua pepe duniani, wakaondoa uungaji mkono wao. Tarehe 22 Septemba 2004 IETF ilikifunga kikundi cha MARID, miezi sita tu tangu kiundwe.

Ni haki kusema pia kwamba leseni haikuwa jambo pekee. Kiufundi kulikuwa na mivutano ya kweli. Kanuni ya kutafuta mwajibikaji ndani ya barua ilikuwa na mianya. SPF nayo ilikuwa, na bado inayo, shida ya barua zinazopitishwa: ukiwa na anwani ya chuo inayosukuma barua zako kwenye anwani yako ya kila siku, seva ya chuo inaonekana kama mgeni anayetumia jina la mwingine. Watu walibishana juu ya hayo kwa miezi. Lakini hitilafu ya kiufundi inaweza kujadiliwa hadi ipatiwe jibu. Sharti la mwenye mali halijadiliwi na wahandisi. Wahandisi wanalikubali au wanaondoka.

Wapo waliowalaumu Apache na Debian kwa ukaidi. Walisema: dunia inazama kwenye taka, kampuni kubwa imetoa kitu bila malipo, ninyi mnabishana juu ya vifungu. Naielewa hasira hiyo, maana nimekaa usiku nikifuta foleni ya barua taka laki kadhaa kwenye seva iliyokuwa imeelemewa. Hata hivyo, naamini walifanya sawa. Barua pepe ni moja kati ya njia chache za mawasiliano duniani ambazo hazina mwenyewe. Mtu yeyote anaweza kuweka seva yake bila kubisha hodi kwa mtu. Kuweka hataza ya kampuni moja kwenye mlango wa kumtambua mtumaji kungekuwa kumpa mtu mmoja ufunguo wa nyumba ya wote, hata kama siku hiyo alikuwa na nia njema.

Kilichofuata

Aprili 2006 SPF na Sender ID zilichapishwa zote mbili, bega kwa bega, kama majaribio, huku viongozi wa IETF wakionya kwamba zinaweza kugongana. Mgongano wenyewe ulikuwa huu: Sender ID iliruhusiwa kusoma mistari ya v=spf1 ambayo watu walikuwa wameiandika kwa ajili ya bahasha, na kuitumia kuhukumu kilicho ndani. Mwenye kikoa aliyeahidi jambo moja akajikuta anahukumiwa kwa jingine. Watu wa SPF walikata rufaa rasmi kulipinga hilo, bila mafanikio.

Oktoba ya mwaka huo Microsoft waliiweka Sender ID chini ya ahadi yao ya kutomshtaki anayetekeleza viwango fulani walivyovitaja. Hakuna tena kusaini. Yaani kile ambacho Apache walikiomba kwa kiasi kikubwa kilipatikana, miaka miwili baadaye, wakati safari ilikuwa imeshaondoka.

Yahoo walipita njia nyingine. Nao walikuwa na hataza, juu ya mbinu yao ya kuitia barua saini ya kihesabu. Mbinu hiyo ilipounganishwa na ya Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, ikawa DKIM, iliyochapishwa 2007. Kwa DKIM, Yahoo waliiruhusu hataza yao itumike chini ya leseni yao au, kwa atakaye, chini ya GPL toleo la 2, leseni ambayo jamii ya programu huria inaijua na kuiamini. Mzozo wa mwaka 2004 haukujirudia. Leo DKIM iko kwenye karibu kila barua halali unayopokea. Kampuni mbili, Microsoft na Yahoo, kila moja na madai yake ya hataza, na tofauti kubwa kati yao ikawa namna ya kuruhusu.

Swali la Microsoft, lile la kutazama ndani, halikufa. Lilirudi 2012 kwa jina la DMARC, linalodai kwamba kikoa kinachoonekana na msomaji kiafikiane na kile kilichopita SPF au DKIM. Barua ya mhasibu wangu ingekwama hapo, mradi ofisi iwe imeweka sera ya kukataa barua zisizoafikiana. Kwa hiyo kwenye hoja ya msingi Microsoft waliona mbali, na ni haki wapewe sifa yao.

DMARC nayo ilileta ugomvi wake. Aprili 2014 Yahoo waliweka sera ya kukataa kwa kikoa chao chote. Vikundi vya barua pepe, vile ambavyo ujumbe wa mmoja unasambazwa kwa wanachama wote kwa jina lake, vikavunjika ghafla kwa kila mwanachama mwenye anwani ya Yahoo, na AOL wakafuata muda mfupi baadaye. Vingi vilikuwa vinaendeshwa na Mailman, programu huria. Waandishi wa Mailman ndio waliolazimika kurekebisha, kwa kuweka njia ya kubadili anwani ya mtumaji kwenye barua zinazosambazwa. Uamuzi ulifanyika kwenye kampuni moja, na kazi ya ukarabati ikaangukia mikononi mwa watu wa kujitolea. Mpangilio huo unaniudhi kuliko hataza zote za 2004, kwa sababu safari hii hapakuwa hata na meza ya kukalia na kukataa.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila anayewatumia wateja wao barua kwa wingi (kwa Gmail, 5,000 au zaidi kwa siku) awe na SPF, DKIM na DMARC kwa pamoja. Barua taka zipo bado. Hili lisimshangaze mtu. Matapeli walianza kuandika mistari ya SPF kwenye vikoa vyao wenyewe mapema kabisa, na hakuna kitu kwenye mstari ule kinachowazuia. Kumtambua mtumaji ni kujua nani anaongea. Kama anasema kweli, hilo ni swali lingine. Tanzania tulisajili laini za simu kwa alama za vidole, usajili wa zamani ukafikia mwisho wake Januari 2020, na ile hela bado inaombwa itumwe kwenye namba hii.

Mwaka 2012 IETF ilipitia takwimu za matumizi, ikaona Sender ID haikushika mizizi, na Aprili 2014 SPF ikapanda kutoka jaribio hadi kwenye ngazi ya kiwango. Ukichungulia leo kwenye daftari la DNS utakuta bado vikoa vyenye mstari unaoanza na spf2.0/pra. Huo ulikuwa mstari wa Sender ID. Seva nyingi zinaupita bila kuusoma, zinaenda kwenye ule wa v=spf1 ulio kando yake.